Malalamiko: Nintendo imefunga duka la 3DS na bado inawazuia wengine kuzitunza gemu zake

Wanajukwaa wenzangu, habari za wakati huu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia lilifanywa mchana kweupe, kwa tangazo rasmi na tarehe zake, na bado kila likitajwa hakosekani mtu wa kusema kwamba hizo ni gemu za watoto tu na kampuni inafanya itakavyo na mali yake. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ilisitisha mauzo yote katika duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, konsoli yake ya mkononi, na kuanzia siku hiyo mamia ya gemu ambazo hazikuwahi kutolewa kwa katriji, yaani kile kipande cha plastiki kinachochomekwa kwenye konsoli, zikawa hazinunuliki tena. Hilo peke yake lingeniuma na ningelimeza. Ninachokataa kukimeza ni kwamba kampuni hiyohiyo, baada ya kukataa kuuza, inaendelea kuwaandama kisheria watu wanaojitahidi gemu hizo zisipotee. Ama uuze, ama uwaache wengine watunze. Kukataa yote mawili ni kumwonea mteja aliyekutajirisha.

Sizungumzii kifaa kilichododa madukani. 3DS ilitoka Japani Februari 2011 na ikauzwa zaidi ya vipande milioni 75 kabla uzalishaji wake haujasimamishwa mwaka 2020. Ilibeba Mario Kart 7, ikabeba Animal Crossing na Zelda, na kuanzia Oktoba 2013, Pokémon X na Y zilipotoka, ikawa ndiyo makao ya Pokémon, mfululizo wa gemu za kukamata na kufuga viumbe vya kubuni, kwa miaka kadhaa. Watu walinunua konsoli, wakanunua gemu, wakanunua nyongeza za gemu, na juu ya hayo wakalipia huduma kwa mwaka. Walitimiza kila walichoambiwa watimize.

Tazameni Fire Emblem Fates, gemu ya 3DS. Hadithi yake iligawanywa katika sehemu tatu: Birthright na Conquest ziliuzwa kila moja kwa katriji yake, na sehemu ya tatu, Revelation, inayofumbua siri ambazo zile mbili zinaziacha zikining'inia, iliuzwa kwa kupakua tu, isipokuwa kwa wachache waliowahi toleo maalumu lenye sehemu zote katika katriji moja. Leo mtu akipata Birthright kwa bei nzuri, akaicheza usiku na mchana mpaka mwisho, atabaki na maswali ambayo majibu yake yapo, yameshaandikwa, yameshatafsiriwa, na hayauzwi. Hata akiwa na fedha mkononi hana pa kuzipeleka, isipokuwa kwa walanguzi wanaoliuza lile toleo maalumu kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida haigusi.

Lakini kidonda chenyewe ni Pokémon. Ahadi ambayo imewafanya watu waufuate mfululizo huu kwa zaidi ya miongo miwili ni kwamba Pokémon uliyemkamata ukiwa mtoto unaweza kusafiri naye kutoka konsoli moja hadi nyingine. Naomba niieleze safari hiyo hatua kwa hatua, ili hata asiyecheza aone ni wapi daraja limekatwa. Pokémon wa Ruby, gemu ya Game Boy Advance, anahamishiwa Diamond au Pearl kwa kuchomeka katriji zote mbili katika DS ya zamani, konsoli iliyotangulia 3DS, ile yenye tundu la Game Boy Advance upande wa chini. Kutoka hapo anahamishiwa Black au White, nazo gemu za DS, kwa kuweka konsoli mbili karibu karibu, na katika skrini ya kugusa unavuta mpira kwa kalamu kama unayevuta manati, ukimlenga Pokémon wako mwenyewe anayerukaruka vichakani. Ukimkosa anabaki alikotoka. Kisha unachomeka katriji ya Black au White kwenye 3DS, na programu iitwayo Poké Transporter inampandisha hadi Pokémon Bank, hifadhi ya mtandaoni. Bank nayo inamkabidhi kwa Pokémon HOME, hifadhi mpya zaidi, ambayo ndiyo inayoingia kwenye gemu za Switch, konsoli iliyokuja baada ya 3DS. Safari hii ni ya kwenda tu, hakuna kurudi nyuma, na haina njia ya mkato.

Poké Transporter na Pokémon Bank zilipatikana mahali pamoja tu, yaani katika duka hilohilo lililofungwa. Aliyewahi kuzipakua anaweza kuzipakua tena. Asiyewahi, hana namna. Kampuni ikatangaza kwa kujisifu kwamba Bank, iliyokuwa ikilipiwa karibu dola 5 kwa mwaka, sasa ni bure. Ubure huo una faida gani kwa kijana aliyerithi katriji za kaka yake, akanunua 3DS iliyotumika ambayo mwenye nayo alishaifuta kila kitu kabla ya kuiuza? Anazo katriji halali, konsoli halali na Pokémon waliofugwa miaka na miaka, na amekwama hatua mbili kabla ya kufika kwa sababu ya programu ambayo kampuni yenyewe inasema ni ya bure.

Ziko pia Red, Blue na Yellow, gemu za mwanzo za Pokémon za Game Boy, zilizotolewa upya kwenye 3DS tarehe 27 Februari 2016, zikafuatiwa na Gold na Silver mwaka 2017 na Crystal mwaka 2018. Matoleo hayo yalikuwa na thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katriji za asili za Game Boy huhifadhi maendeleo ya mchezaji kwa nguvu ya betri ndogo ya mviringo iliyolehemewa ndani, na betri hiyo ikifa, kila kitu kinafutika. Matoleo ya 3DS hayakuwa na ugonjwa huo, na ndiyo pekee yaliyoweza kupeleka Pokémon wa vizazi vile viwili vya mwanzo kwenye Bank. Hayo nayo yameondolewa. Pokémon Dream Radar, ambayo haikuwahi kuwa na katriji, imeondoka nayo.

Watu wananijibu kwamba katriji zilizotumika bado zipo. Zipo, ila zimezungukwa na bandia kila upande. Mimi mwenyewe niliagiza Emerald, gemu ya Pokémon ya Game Boy Advance, kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye jina lake naliacha, kwa bei iliyokaribia bei ya konsoli nzima. Lebo ilikuwa nzuri, na gemu iliwaka na kucheza vizuri mpaka siku nilipowasha nikakuta maendeleo yangu yote hayapo. Niliifungua kwa bisibisi ya meno matatu. Emerald halisi ina betri, nayo ukiichungulia unaona ukingo wa sakiti iliyotengenezwa kwa makini. Ndani ya hii nilikuta kibao kidogo cha kijani chenye tone la gundi nyeusi lililofunika chipu, na betri haikuwepo kabisa. Gemu ya namna hiyo, hata ikihifadhi, mara nyingi hukataa kuhamisha Pokémon kwenda DS, kwa hiyo mnunuzi amepoteza fedha na safari pia. Soko hili la ulaghai linanenepa kwa sababu muuzaji halali amejiondoa. Mwaka 2022 ningeipata Yellow kwa takriban dola 10 kutoka kwa Nintendo wenyewe, bila kumwogopa mtu.

Na sisi wa huku tulifungiwa mlango mapema kuliko wengine. Duka hilo halikuwahi kufunguliwa rasmi kwa Tanzania wala Kenya, kwa hiyo wengi wetu tulitumia kadi za kulipia kabla za Marekani, tukichagua anwani ya huko. Mauzo kwa kadi za benki yalisitishwa Mei 2022, na tarehe 29 Agosti 2022 kadi za kulipia kabla zikakataliwa. Kuanzia hapo aliyeweza kuongeza salio ni yule tu aliyeunganisha akaunti yake na ile inayotumika kwenye Switch. Asiyeziunganisha, duka lake lilikufa miezi saba kabla ya tarehe iliyotangazwa kwa dunia. Ongezeeni kwamba 3DS imefungwa kwa kanda: aliyenunuliwa konsoli Marekani hawezi kuchezea katriji ya 3DS aliyotumiwa na ndugu yake wa London. Kwa mtu anayetegemea mizigo ya jamaa walioko nje, duka la mtandaoni lilikuwa ndilo tegemeo, si anasa.

Mtengeneza video mmoja wa Marekani aliamua kununua kila gemu iliyokuwa katika duka la 3DS na lile la Wii U, konsoli nyingine ya Nintendo, kabla hayajafungwa, akatumia zaidi ya dola 22,000. Hata yeye, kwa sheria ilivyo, hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine nakala moja.

Hapo ndipo hasira yangu inapochemka zaidi. Mwaka 2018 Nintendo iliishtaki tovuti ya LoveROMS, iliyokuwa ikigawa nakala za gemu bila kibali, na shauri likaisha kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Tovuti ile ilikuwa ikiingiza fedha kwa kazi za wengine, na siitetei. Lakini Machi 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta (programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta) ya Switch, walikubali kulipa dola milioni 2.4, na Citra, emuleta ya 3DS, ikazimwa kwa pamoja nayo, ikiwa ni takriban mwaka mmoja tangu duka lifungwe. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Aprili 2024, Nintendo ikazima mchezo wa mtandaoni kwa karibu gemu zote za 3DS. Yapangeni matukio hayo kwa tarehe zake na mtaona mlango mmoja baada ya mwingine ukifungwa, na hakuna hata mmoja uliofunguliwa badala yake.

Wala maktaba hazikuachwa. Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, ilionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipo sokoni, na kwa familia ya Game Boy zinazopatikana hazifiki hata asilimia 6. Wahifadhi wa gemu waliomba watafiti waruhusiwe kuzifikia gemu hizo kwa mbali kupitia maktaba. Chama cha wachapishaji wa gemu, ESA, ambacho Nintendo ya Marekani ni mwanachama wake, kilipinga, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi hilo.

Najua atakuja mtu na Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia yenye gemu za zamani kwenye Switch. Nintendo nao walikuja nayo: katika maswali na majibu yaliyoambatana na tangazo la Februari 2022 kulikuwa na swali kama kampuni haina wajibu wa kuhifadhi gemu zake za zamani, na jibu lilikuwa kwamba ipo huduma hiyo ya kulipia, na hakuna mpango wa kuzitoa kwa njia nyingine. Baadaye swali hilo na jibu lake viliondolewa kwenye ukurasa. Huduma yenyewe ni ya kukodi; ukiacha kulipa, gemu zinafungwa. Zaidi ya hapo, siku duka la 3DS linafungwa, Red, Gold na wenzao hawakuwa katika orodha yake.

Ninachodai ni kidogo kwa kampuni ya ukubwa ule. Poké Transporter na Pokémon Bank zirudishwe zipakulike na mtu yeyote, kwa kuwa seva zake bado zinafanya kazi na bei yake ni sifuri. Nyongeza kama Revelation ziuzwe tena, hata kwa bei ya awali bila punguzo. Na pale ambapo Nintendo haina nia ya kuuza, iache kupinga maombi ya maktaba.

Kampuni imeshasema kwamba Bank inaendelea kwa sasa na inaweza kusitishwa siku za mbele. Kwa hiyo, wakuu wenye 3DS ambazo bado zina programu hizo mbili, tafadhali msizifute wala msiziuze, na wahamisheni Pokémon wenu kwenda HOME mapema. Aliye tayari kumhamishia mwenzake Pokémon wa katriji za zamani aandike hapa chini mji alioko na gemu anazoweza kuzipokea. Mimi niko Dar es Salaam, nina konsoli mbili za DS zenye tundu la Game Boy Advance na 3DS moja yenye Bank, na nitaanza na yeyote atakayenitumia ujumbe.