Ushauri: Mama aache aspirini, atumie unga wa gome la mwerebi?

MtotoWaPili: Wakuu, habari za muda huu. Mama aliwahi kupata shambulio la moyo, na tangu hapo daktari kamwandikia aspirini ya miligramu 75 kila siku. Magoti nayo yanamsumbua. Sasa shangazi kamletea unga wa gome la mwerebi, anadai aspirini imetoka humo humo, hivyo aachane na makemikali. Mama keshakubali. Ni kitu kimoja kweli?

Jabali77: Cha asili hakina madhara, mkuu. Yule kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliandika tangu 1763 kwamba unga huo unatuliza homa. Mpe tu.

Mfamasia_Mstaafu: Jabali, Stone alikuwa anatibu homa, si moyo. MtotoWaPili, usikubali hilo badiliko.

Ndani ya gome kuna salisini. Ukiimeza, mwili unaigeuza kuwa asidi ya salisili, nayo hupunguza maumivu kiasi. Aspirini ni asidi hiyo hiyo iliyoongezewa kipande kinachoitwa asetili. Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza ikiwa safi mwaka 1897. Kazi ya kumlinda mama yako inafanywa na hicho kipande. Kinanasa kwenye chembe zinazogandisha damu na kuzizuia zisishikamane mpaka zife, yaani siku 7 hadi 10. Salisini haina asetili. Ataweza kusikia nafuu ya magoti huku moyo umeachwa bila ulinzi, na kukatisha aspirini ghafla kwa mtu aliyewahi kupata shambulio ni hatari.

Asivichanganye pia. Tumbo linaweza kuvuja damu, hasa kama ana vidonda au anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Bi_Sauda: Na huo unga usije ukapewa mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga. Jamii hiyo ya dawa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

MtotoWaPili: Nashukuru sana. Kwa magoti je, nimnunulie ibuprofeni? Halafu nimefungua kopo lake la aspirini, linanuka siki.

Mfamasia_Mstaafu: Ibuprofeni hapana, mpaka daktari aseme. Inaweza kuizuia aspirini isifike pale inapotakiwa kunasa.

Hilo kopo tupa. Unyevu umeingia, bila shaka linakaa bafuni au jikoni. Siki unayoinusa ndiyo asetili imebanduka. Sehemu ya kidonge iliyoharibika imebaki asidi ya salisili tupu, karibu sawa na unga wa shangazi. Nunua mapya leo, yakae pakavu, na pamba ya kopo itoe, inavuta unyevu.

Jabali77: Hapo kwenye siki umenimaliza, mzee. Naenda kunusa ya kwangu.

MtotoWaPili: Mapya nanunua jioni hii. Unga nao naubeba kliniki, daktari amwambie mama mwenyewe. Mimi kwa shangazi siwezi.