Nimeitwa kwenye usaili na kampuni yenye shauri mbele ya jaji wangu: nifanyeje?

Karani_Houston
Salaam, mawakili na wanasheria wenzangu. Mimi ni karani wa sheria, yaani mwanasheria anayemsaidia jaji kufanya utafiti na kuandika, wa jaji wa mahakama ya shirikisho ya wilaya hapa Houston, na mkataba wangu wa mwaka mmoja unakwisha mwezi Agosti. Kama ilivyo kwa makarani wengi wa Marekani, nalazimika kutafuta kazi kabla muda haujaisha, na jaji anafahamu kwa ujumla kwamba nimeanza kupeleka maombi. Sasa kampuni moja kubwa ya mawakili imeniita Dallas kwa usaili wa siku nzima na imeahidi kunilipia ndege na hoteli. Kabla sijajibu, nilifungua jalada la shauri moja la mkataba wa kuchimba mafuta, ambalo nimekwisha kumwandalia jaji dokezo (maelezo ya kisheria ya ndani ya kumsaidia kuamua) kuhusu maombi ya kumaliza shauri bila kusikiliza mashahidi, nikakuta taarifa mpya kwamba mawakili wa kampuni hiyo hiyo wameingia upande wa mdaiwa. Wanaoshughulikia shauri hilo wako ofisi ya Houston, ilhali mimi nimeitwa na ofisi ya Dallas. Je, hilo linabadilisha chochote? Isitoshe, wanataka mfano wa maandishi yangu ya kisheria, na kazi zangu nzuri za mwaka huu zote ni madokezo ya ndani. Usaili wenyewe umeangukia wiki yenye mashauri mengi ya kusikilizwa.

Wakili_Mkongwe
Dada, hongera kwa kuitwa. Suala la Dallas na Houston liweke kando: kampuni ni moja, na mwenye shauri mbele ya jaji wako ni kampuni, si chumba fulani cha ofisi zake. Soma Kanuni ya 4 ya Maadili ya Watumishi wa Mahakama za Shirikisho. Inakuruhusu kutafuta na kupata kazi itakayoanza baada ya ukarani kwisha, lakini inakutaka kwanza ushauriane na jaji na ufuate masharti yoyote atakayokuwekea. Inakutaka pia umjulishe mara moja endapo kampuni unayoiomba kazi inatokea katika shauri lililo mbele yake. Kumwambia kwa jumla kwamba unatafuta kazi hakutoshi. Mtajie kampuni, mtajie shauri, mweleze kwamba dokezo umekwisha kuliandika, na ufanye hivyo leo kabla hujathibitisha tarehe ya usaili. Tangu hapo usiliguse jalada hilo mpaka yeye aamue. Tiketi na hoteli si tatizo, kwa sababu kanuni za zawadi zinaruhusu gharama za kawaida ambazo mwajiri mtarajiwa humlipia mtu aliyemwita kwenye usaili halisi.

Mtafuta_Riziki
Kwa heshima zote, naona tunalikuza jambo. Kuitwa kwenye usaili si kuajiriwa. Karani akimwendea jaji kila kampuni inapomjibu barua, jaji atachoka naye. Ningesubiri ofa, kisha ndipo nizungumze.

Bi_Hakimu
Ndugu yangu Mtafuta_Riziki, ushauri huo ungemponza dada yetu, na hasa kwa kuwa yuko Texas. Kanuni inamtaja anayetafuta kazi pamoja na aliyekwisha kuipata, kwa hiyo kusubiri ofa ni kuchelewa. Tena Texas iko chini ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano (mzunguko ni kanda ya mahakama za rufani za shirikisho), ambayo mwaka 1983, katika shauri la Hall dhidi ya Small Business Administration, ilitengua hukumu kwa sababu ya mwenendo wa karani. Karani yule alikuwa mmoja wa kundi la walalamikaji kabla ya kuajiriwa mahakamani, na akakubali kazi kwa mawakili wa walalamikaji hao kabla uamuzi haujatolewa, huku akiendelea kulifanyia kazi shauri. Kesi nzima ikaharibika. Linganisha na Hunt dhidi ya American Bank & Trust, ya Mzunguko wa Kumi na Moja, mwaka 1986: huko makarani walikuwa wamekwisha kukubali kazi katika kampuni iliyokuwa na shauri, lakini jaji aliwatenga na shauri hilo, na mahakama ya rufani ikaona hakuna sababu ya yeye kujitoa. Kilichookoa shauri la pili ni kutengwa mapema, na jaji hawezi kumtenga karani na jambo asilolijua.

Kuhusu maandishi, usitoe dokezo la ndani hata ukifuta majina, isipokuwa jaji mwenyewe ameruhusu. Shauri linaloendelea halifai kabisa. Chukua insha yako ya chuo uinoe upya. Na ratiba usiihangaikie sana: kampuni zinazoajiri makarani zinajua kwamba mahakama ndiyo inayotangulia, kwa hiyo omba wiki nyingine bila kueleza mnasikiliza nini. Mkizungumza kwa video, toka nje ya jengo la mahakama na utumie anwani yako binafsi ya barua pepe. Kuna swali ambalo huulizwa kwa tabasamu wakati wa chakula cha mchana: “Jaji wako huwa anaonaje maombi ya namna hii?” Jibu kwamba huzungumzii kazi za ofisi ya jaji, kisha uulize kuhusu kitengo chao cha rufani.

Karani_Houston
Nawashukuru sana. Nimezungumza na jaji leo asubuhi. Jalada amelikabidhi kwa karani mwenzangu, ambaye ameelekezwa aandike dokezo jipya bila kusoma la kwangu, na mimi nimekatazwa kulizungumza naye. Usaili umesogezwa wiki mbili mbele. Kampuni imenitajia pia bonasi wanayowapa waliokuwa makarani. Je, nikiajiriwa naweza kuipokea kabla ya Agosti ili nilipe deni la chuo?

Wakili_Mkongwe
Hapana. Bonasi hupokelewa baada ya kuondoka mahakamani, hata kama ofa umeisaini miezi mingi nyuma. Na ukiingia huko, shauri lile la mafuta hutaligusa: Kanuni za Mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani, ambazo majimbo huzitumia kama kielelezo cha kanuni zao za maadili, kifungu cha 1.12, zinamzuia aliyekuwa karani kumwakilisha mtu katika jambo aliloshiriki yeye binafsi kwa kiasi kikubwa, mpaka wahusika wote waridhie kwa maandishi. Waambie mapema kwamba kuna shauri lao ambalo utatengwa nalo, ili wasikupangie kwenye timu hiyo, lakini usiwaambie zaidi ya hapo.