Treni yangu ya kwanza ya mvuke inagoma baada ya mzunguko mmoja: nirekebishe valvu au nikereze silinda upya?

Reli89 (mtoa mada)
Wakuu, salamu. Nimetengeneza kichwa kidogo cha treni, reli ya upana wa mm 89, magurudumu manne, silinda mbili za kipenyo cha mm 18, mwendo wa pistoni mm 25. Kwa upepo wa kompresa inazunguka vizuri hata kwa bar 1, mbele na nyuma. Nikiweka mvuke, gurudumu linazunguka mara moja, linashtuka, linasimama, na dohani inatema maji. Nikijaribu kuisukuma kwa mkono, pistoni inakuwa kama imegonga ukuta. Presha inafika bar 4 ndani ya dakika tatu, kwa hiyo boila halina shida. Nisogeze valvu zinazogawa mvuke kwenye silinda au nikereze silinda upya? Jumamosi nimewaahidi watoto wataiona, muda umebana.

Mkerezaji
Usikereze chochote. Injini inayokwenda kwa upepo na kugoma kwa mvuke ina maji kwenye silinda. Chuma kikiwa baridi, mvuke wa kwanza wote unageuka maji, na maji hayabanwi kama upepo. Ndio huo ukuta unaousikia. Ukiisukuma kwa nguvu utapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na gurudumu) au utang'oa kifuniko.

Una koki za kutolea maji chini ya silinda? Kama hazipo, toboa na uweke, moja kila mwisho wa silinda, jumla nne. Kwa sasa inua injini magurudumu yaelee, fungua mvuke kidogo sana, zungusha kwa mkono mbele na nyuma mpaka dohani iache kutema na silinda ziwe za moto usiweze kuzishika. Hapo ndipo uishushe kwenye reli.

Pistoni_Mbili
Pamoja na hayo, hakikisha valvu. Fungua kifuniko cha kisanduku chake, peleka krenki mwisho wa mbele, pima tundu limefunguka kiasi gani. Peleka mwisho wa nyuma, pima tena. Mfano mbele ni mm 1 na nyuma mm 0.2: jumla ni 1.2, kila upande unastahili 0.6, kwa hiyo valvu isogee mm 0.4. Kama uzi wa fito yake ni M3, mzunguko mmoja wa nati ni mm 0.5, basi zungusha chini kidogo ya mmoja. Fanya silinda zote mbili.

Na mafuta gani unatumia? Mafuta mepesi ya cherehani yanatosha kwa upepo, mvuke unayaosha mara moja. Tafuta mafuta mazito ya silinda za mvuke, daraja la 460, na uweke kikombe cha kulainishia kwenye bomba la mvuke kabla halijafika kwenye silinda.

Reli89
Asanteni sana. Koki sina, mafuta ni mepesi kweli. Nitabadili mafuta leo. Koki nitaziweka baadaye, nimeshapaka rangi na sitaki kuikwaruza kabla ya Jumamosi.

Dohani_Ndefu
Mimi nataka tuongelee boila. Bomba la moto, lile linalopitisha moto ndani ya maji, ni moja au mengi? Rocket, kichwa cha treni cha Stephenson cha 1829, ilikuwa na mabomba 25 ya shaba ndani ya boila, na hilo ndilo lililoipa mvuke wa kutosha kushinda majaribio ya treni ya Rainhill, Uingereza. Joto linataka eneo la kupita. Kwa boila la ukubwa wako, mabomba sita ya mm 10 yatakupa mvuke mwingi kuliko bomba moja nene.

Reli89
Bomba moja la mm 32, kichomeo cha gesi ndani yake. Mvuke unatosha, boila liko sawa. Tubaki kwenye silinda tafadhali.

Fundi_Lehemu
Mkuu, umesema mara mbili kwamba boila liko sawa na bado hujatuambia limetengenezwa kwa nini. Ni madini gani, unene gani, umelehemu kwa nini, na umelipima kwa maji?

Reli89
Ni shaba, kipenyo mm 76, urefu mm 200. Limelehemiwa vizuri, halivuji.

Fundi_Lehemu
Shaba ipi? Nyekundu au ya njano? Na lehemu ya fedha au ya bati?

Reli89
Ya njano. Ni bomba lililokuwepo, ukuta mm 1. Lehemu ni ya bati, ile ya nyaya, lakini nimeijaza nene pande zote. Injini za kuchezea zinazouzwa zina boila la shaba ya njano, na hazijaua mtu. Natumia bar 4 tu.

Fundi_Lehemu
Hapo ndipo penye kazi, si kwenye valvu. Hizo za kuchezea zina boila dogo na valvu ya usalama inayofunguka mapema, nyingi chini ya bar 2. Wewe uko bar 4. Kila kifuniko cha mwisho wa boila lako, ukiondoa tundu la bomba la moto, kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 150, mifuko mitatu ya saruji, na kinachokishikilia ni bati peke yake.

Mvuke wa bar 4 una nyuzi 152. Lehemu ya bati na risasi inaanza kuyeyuka nyuzi 183, na kabla ya hapo imeshalegea. Lehemu ya fedha inayeyuka kuanzia nyuzi 630 hivi. Shaba ya njano nayo ina zinki, na maji ya moto yanaitoa zinki kidogokidogo. Kinachobaki kina vitundu na kinavunjika kama biskuti, huku kwa nje kinang'aa vilevile.

Mzee_wa_Koleo
Ndugu yangu, watoto watangoja. Ahadi inaahirishwa na hakuna anayeumia. Boila likifumuka, mvuke unaenda usawa wa nyuso zao, maana wao ndio wanaoinama kutazama.

Reli89
Nawaelewa, lakini nimeliwasha mara nne na halijafanya kitu. Nafikiria nishushe mpaka bar 3 na watoto wakae mbali.

Hesabu_Kali
Wakuu, hii ni chai. Boila lake likijazwa inavyotakiwa linachukua karibu nusu lita. Kuitoa nusu lita nyuzi 25 mpaka 152 kunataka kilojuli 266. Kwa dakika tatu ni karibu kilowati moja na nusu kuingia majini, bila kuhesabu joto linalopotea. Huo ni moto wa birika la umeme, si wa jeti ndogo ya gesi. Hajawasha boila lolote huyu, anatupotezea muda.

Mkerezaji
Nami naanza kuwa na shaka. Mtoa mada, ulitia maji kiasi gani?

Reli89
Si chai. Natia kikombe kimoja, mililita 200, tena yametoka kuchemka, ili presha ipande haraka. Kioo cha kuonyesha kiasi cha maji sijaweka. Na kwa kuwa mmeuliza: baada ya kuwasha mara ya mwisho nilikuta chembe ya bati, kama punje ya mtama, imeanguka kwenye sahani ya kichomeo. Nilidhani ni mabaki ya kazi.

Hesabu_Kali
Basi hesabu inakubali. Maji ya moto mililita 200 yanataka kilojuli 48 tu, na jeti ndogo inaweza. Nimekudhania vibaya, samahani.

Fundi_Lehemu
Usiwashe tena. Hata bomba likiwa limekaa chini ndani ya boila, kikombe kimoja kinaishia katikati yake. Nusu ya juu inachomwa na moto ikiwa kavu, na hiyo punje ni lehemu ya mwisho wa bomba imeyeyuka. Kulifunika bomba kwa mm 10 unahitaji mililita 450 hivi.

Lipime kwa maji uone mwenyewe. Lijaze maji baridi mpaka hewa yote itoke, ziba matundu, unganisha pampu ya mkono na geji. Boila jipya hupimwa kwa mara mbili ya presha ya kazi, yaani bar 8, na sindano isishuke. Maji hayahifadhi nguvu nyingi, likifumuka litadondoka tu. Usilipime kwa upepo, upepo unalipuka.

Jumamosi tumia kompresa, bar 1.5, mpira uingie moja kwa moja kwenye bomba la silinda. Usipitishe upepo ndani ya boila.

Reli89
Nimepima. Kwenye bar 3 mstari wa maji ulitoka kuzunguka bomba la moto, sindano ikarudi sifuri. Watoto wataiona kwa kompresa. Injini na rangi nabaki nazo. Boila jipya la shaba nyekundu, bomba mm 76, ukuta mm 2: vifuniko nivikunjeje?

Fundi_Lehemu
Bamba la shaba nyekundu mm 2.5. Bomba lako ndani ni mm 72, kwa hiyo kereza kalibu ya chuma ya mm 66.8, ukingo wake uwe na mviringo wa mm 3. Kata duara la mm 88. Lichome mpaka liwe jekundu hafifu, lizamishe majini, libane kwenye kalibu, gonga ukingo kwa nyundo ya mbao ukizunguka. Mlio ukibadilika na nyundo ikaanza kuruka, shaba imekaza, ichome tena. Itakuchukua mara nne au tano. Ukilazimisha, ukingo utapasuka.

Mahali pa valvu na geji weka vishikio vya bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), si shaba ya njano. Vifuniko viunganishwe kwa fito ya bronzi ya mm 5, juu ya bomba la moto. Acha nafasi ya mm 0.1 kwenye kila kiungo lehemu ya fedha ipate kupenya, na uchague isiyo na kadimi, moshi wake ni sumu.

Reli89
Tochi yangu ya gesi ni ile ndogo ya mkononi. Itatosha?

Fundi_Lehemu
Haitoshi, shaba inakimbiza joto. Tochi kubwa ya propani, boila lizungukwe na matofali ya tanuri, lote liive mpaka jekundu hafifu, ndipo uguse lehemu kwenye kiungo.