Ukumbi wa Mariupol: niandike waliokufa 600 au 12? Naombeni ushauri

Kalamu Kavu: Wakuu, mhariri anataka makala yangu ya tamthilia za Ukraine kesho asubuhi. Nimekwama Mariupol, ule ukumbi uliopigwa bomu 16 Machi 2022. Shirika la habari la Associated Press (AP) walikadiria waliokufa karibu 600, Amnesty, wale wa haki za binadamu, wakathibitisha wasiopungua 12 na kusema huenda ni wengi zaidi. Nishike ipi? Usingizi sina.

Dada Mchele: Weka zote, useme nani kahesabu vipi. AP walitumia simulizi za manusura na ramani za jengo. Ila huo ni ukumbi, tamthilia iko wapi? Umetazama mchezo gani?

Sauti ya Nyikani: Kongo hapo jirani watu wanakufa kila siku, umewahi kuwaandikia hata mstari?

Kalamu Kavu: Nimetazamatazama. Turudi kwenye idadi.

Mzee wa Buza: Mimi nilikuwa Kharkiv nasomea udaktari. Vita vilipoanza tulilala stesheni ya metro, mama mmoja akanipa tango la chumvi kwenye kifuniko cha ndoo. Mpaka leo nikinusa siki tumbo linavuta.

Dada Mchele: Pole mzee. Kalamu, MCHEZO GANI?

Kalamu Kavu: Ule wa mchawi wa Konotop, wa ukumbi wa Ivan Franko, Kyiv. Kwenye simu, dakika 11. Kiukraine sijui. Na rasimu nimeshatuma, ina sentensi "king'ora kilipolia tulishuka handakini". Msinirukie! Waandishi wengi wanaanza na king'ora, na ni kweli onyesho husimama, watu wakashuka, hali ikitulia wanaendelea. Tukio sijalitunga, nimejiweka mimi tu.

Dada Mchele: "Mimi tu" ndiyo uongo wenyewe. Halafu mchezo huo alioongoza Ivan Uryvskyi tiketi zake zinagombewa tangu 2023, na watu wanacheka mle ndani. Kwako kuna mtu kacheka? Wasomi wao hawaanzii kwenye bomu, wengi wanarudi kwa Les Kurbas, mwongozaji wa kundi la tamthilia la Berezil, aliyepigwa risasi Sandarmokh, msitu ulioko Urusi, mwaka 1937. Wewe umeandika kifusi.

Kalamu Kavu: Kifusi ndicho kinasomwa dada.

Fundi Cherehani: Hii chai, tena ya rangi. Gazeti gani la Bongo linalipa makala ya tamthilia ya Ukraine, wakati za Bagamoyo tu haziandikwi? Mleta mada ni mwalimu, anatutegea wanafunzi wake.

Sauti ya Nyikani: Nilihisi! Ni Dada Mchele huyo, ana akaunti mbili. Anajiuliza, anajijibu.

Dada Mchele: Mimi nina mtoto ananyonya, akaunti ya pili naipatia wapi muda?

Mzee wa Buza: Tango langu lakini ni la kweli.

Kalamu Kavu: Wakuu acheni utani, mhariri kapiga sasa hivi. Anataka picha yangu nikiwa handakini.

Fundi Cherehani: Vaa koti, nenda stoo, zima taa.