Ulinganisho: alama za marekebisho kwenye revolva za Smith & Wesson, Colt, Ruger na Enfield

Mtunzakumbukumbu:
Wanajukwaa, ninaandaa orodha ya revolva (bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka) za zamani kwa ajili ya maonyesho. Safu ya "toleo" inajazika vizuri kwa Smith & Wesson, lakini kwa Colt inabaki tupu. Ni kiwanda kipi kinachoonyesha mabadiliko ya usanifu kwa namna inayoaminika zaidi?

FundiChuma:
Ndugu, hapo Smith & Wesson hawana mpinzani. Walianza kuzipa bastola zao namba za modeli mwaka 1957, na tangu hapo badiliko la kihandisi lenye uzito huongezewa kistari na tarakimu. Fungua silinda, utaikuta chapa kwenye fremu, pale unapolala mkono unaoibeba silinda. MOD 19 bila kistari ni toleo la kwanza. Katika 19-1 ya 1959, hesi za kijiti cha kutolea maganda ziligeuzwa zikawa za kushoto ili kijiti kisijifungue silinda inapozunguka. 19-2 ya 1961 iliondoa skrubu iliyokuwa mbele ya kikingio cha kifyatulio. Na 19-3 ya 1967 ilihamisha skrubu ya kilengeo cha nyuma. Anayetafuta vipuri atake nini tena?

Nyota Mbili:
Naunga mkono, ila kwa tahadhari, kwa sababu tarakimu hizo huhesabiwa ndani ya modeli moja tu. Badiliko la 1982, lililoondoa pini ya kushikilia mtutu pamoja na vishimo vya silinda vilivyozamisha vitako vya risasi, linaitwa 19-5 kwenye Model 19 na 29-3 kwenye Model 29. Model 10 ndiyo inayochanganya kuliko zote: kuondolewa kwa skrubu ileile aliyoitaja FundiChuma kulizaa 10-4 kwa mtutu wa kawaida na 10-6 kwa mtutu mzito, hivyo anayedhani 10-6 imeizidi 10-4 kwa hatua mbili anajidanganya.

Mwanamtutu:
Colt walikwenda njia nyingine. Trooper MK III ya 1969 na MK V ya 1982 zina alama ya MK (kifupi cha "Mark", yaani toleo) kwa kuwa mtambo wote wa ndani ulisanifiwa upya. Marekebisho madogo hayana chapa. Hata yale "matoleo" ya Detective Special ni mgawanyo wa wakusanyaji, hayakugongwa kwenye chuma. Kwa Colt, andika namba ya mfululizo na mwaka wa kutengenezwa.
Ruger nao, walipoiingizia Blackhawk kipande cha usalama kati ya nyundo na pini ya kufyatulia mwaka 1973, waligonga maneno NEW MODEL kwenye fremu. Za kabla ya hapo hujulikana kwa skrubu tatu za ubavuni, ila usizitegemee mno: kiwanda hubadilisha mtambo wa zile za zamani bila malipo, na skrubu hubaki palepale.

Nyota Mbili:
Msiwasahau Waingereza. Enfield No. 2 Mk I ilipoondolewa kishikio cha nyundo mwaka 1938 iliongezewa nyota moja, na toleo la 1942, lililoachwa bila kizuizi cha usalama cha nyundo ili utengenezaji uende haraka wakati wa vita, likapewa nyota mbili. Binafsi naupenda mfumo huu, kwa sababu nyota haijifanyi kuwa modeli mpya.

Mtunzakumbukumbu:
Nimeelewa. Basi nitaweka safu mbili, moja ya chapa na nyingine ya sifa zinazoonekana kwa macho. Ninayo pia Smith & Wesson 686-1 yenye herufi M kando ya namba. Hilo nalo ni toleo?

FundiChuma:
Hapana. Mwaka 1987 kiwanda kilitoa tahadhari kuhusu 586 na 686, kwa kuwa baadhi ya risasi za .357 Magnum zilifanya silinda ikwame. Zilizorudishwa zilirekebishwa ncha ya nyundo na tundu lake, kisha zikagongwa M. Zilizotoka kiwandani zikiwa na rekebisho hilo ndizo 686-2. Iandike kama ilivyo kwenye chuma, 686-1 M, na kwenye safu ya pili eleza kwamba ilirudishwa kiwandani.