Mume wangu hataki kupimwa ugonjwa wa Huntington, nami nataka mtoto

Swali
Baba mkwe wangu alifariki kwa ugonjwa wa Huntington, baada ya miaka mingi ya viungo kutikisika bila hiari na akili kudhoofika. Uwezekano kwamba mume wangu amerithi jeni inayosababisha ugonjwa huo ni asilimia 50, lakini hataki kabisa kupimwa, ilhali mimi nataka tujue kabla ya kuzaa. Kila akiangusha kikombe naitazama mikono yake, naye huniona, na jioni hiyo hatusemeshani. Je, nina haki ya kumshinikiza?

Jibu la 1
Pole sana, dada. Kumshinikiza, hapana. Tangu jeni hiyo ilipogunduliwa mwaka 1993, damu kidogo tu yatosha kutoa jibu, lakini kwa kuwa ugonjwa wenyewe bado hauna tiba, wengi walio katika hali yake huchagua kutojua, na washauri nasaha huuheshimu uamuzi huo. Hata hivyo, ipo njia ya kurutubisha mayai maabara, viinitete vikapimwa na kupandikizwa vile tu visivyo na jeni hiyo, pasipo ninyi wawili kuambiwa kama yeye anayo. Ni ghali, haipatikani kila mahali, na mimba yenyewe si ya uhakika.

Jibu la 2
Hapo nakubali nusu. Atakayemuuguza ni mke, kwa hiyo naye anastahili kusikilizwa, japo kipimo si chake.

Niongeze kwamba hata majibu mazuri hutikisa ndoa. Shemeji yangu alipokutwa hana jeni hiyo tulitarajia furaha, kumbe yeye na dada yangu walikuwa wameyapanga maisha yao yote kwa kuusubiri ugonjwa: hawakujenga, hawakuzaa, na kila alipofoka alisamehewa kwa kudhaniwa kwamba dalili zimeanza. Baada ya majibu, dada alilazimika kukiri kwamba ile ilikuwa tabia ya mumewe tu, na mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwao kuliko ile ya kusubiri.

Muulizaji
Ahsanteni. Habari ya viinitete sikuwa nayo. Nitamwomba twende pamoja kwa mshauri nasaha, nikimwahidi mapema kwamba hakuna atakayemtoa damu siku hiyo, na suala la kikombe nitalisema mimi mwenyewe mbele yake.