Mwenye nyumba alinivumilia miezi sita ya korona, sasa mwanawe ataka nihame kabla ya Desemba

Mama Karisa, Bamburi (14 Novemba 2021)

Hamjambo wote. Naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu nikifupisha nitaonekana mpangaji anayekimbia deni, na sivyo.

Nakaa Bamburi, upande wa Mtambo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati. Choo na bafu viko uani. Mimi nimo chumba cha pili mkono wa kulia tangu 2014. Kodi yangu ni 2,500. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, sote twamwita Bi Mkubwa, na chumba cha mbele ndicho chake. Hana pensheni wala biashara. Kodi zetu ndizo unga wake na dawa zake za presha.

Nafanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya ufuoni. Machi 2020 wageni waliondoka wiki moja tu wakaisha. Tulifua shuka za vyumba vyote, tukazikunja, tukazipanga kabatini, tukaambiwa twende nyumbani bila malipo mpaka tutakapoitwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hata kwenda kwetu Kaloleni kutafuta mahindi sikuweza.

Aprili hadi Septemba sikulipa kodi. Hizo ni 15,000. Bi Mkubwa hakunibishia mlango hata siku moja. Tulikuwa tukisikia mahali pengine watu wanang'olewa milango, wanaezuliwa mabati. Yeye, na mimi si Mwislamu, Ramadhani ile aliniletea sahani ya tambi na tende tatu juu yake, akasema, "Mwanangu, hili halikukuta peke yako." Nilipoanza kukaanga mahamri na kufulia watu nguo nikawa namtumia mia tatu, mia tano kwa M-Pesa, mpaka zikafika 6,000. Zimebaki 9,000. Sizikatai.

Sasa kafyu imeondolewa tangu Oktoba 20, na watu wanaona kama pesa nazo zimerudi siku hiyo hiyo. Hoteli inajaa wikendi, ni kweli. Lakini sisi wa zamani tumeitwa kwa kibarua, siku tatu au nne kwa wiki, 650 kwa siku. Kabla ya korona nilikuwa na mshahara wa mwezi.

Mwanawe Bi Mkubwa alikuwa Nairobi, kazi yake ikaisha mwaka jana, amerudi. Alikuja na fundi wa taili na futikamba. Wakapima chumba baada ya chumba. Changu walikipima sufuria zikiwa zimo ndani, wakasogeza kitanda bila kuniuliza, na godoro likabaki limeegemea ukuta mpaka niliporudi kazini. Anataka vyumba vya kulia viwe vya wageni wa Desemba wanaoshuka na treni kutoka Nairobi, kila kimoja na bafu lake. Jumatano alituita ukumbini. Wa kulia tuhame kabla ya Desemba 1, au anayetaka kubaki alipe 4,000 kwa mwezi na deni lote kwa mkupuo. Wa kushoto watapanda hadi 3,000. Bi Mkubwa alikaa kwenye kigoda chake akiangalia chini. Hakusema neno.

Tangu hapo nyumba imegawanyika. Jirani yangu wa mkabala, yeye hakuwahi kukosa kodi kwa sababu mumewe yuko bandarini. Siku ya pili alikuwa uani anapara samaki, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kila mtu angelipa deni lake, haya yasingetufika." Miaka saba mimi naye tukinunua maji kwenye mkokoteni mmoja, mitungi kumi, tano zake tano zangu, hatuhesabu. Sasa ananunua peke yake, na mitungi yake ameiandika jina kwa rangi nyekundu. Hilo limeniuma kuliko ile notisi.

Kijana wangu yuko darasa la nane, mtihani wake wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ni Machi. Shule yake ni ya kutembea kwa miguu. Nimeangalia bedsita Kiembeni, 5,500, na mwezi mmoja wa kuweka juu yake, hapo 11,000 kabla sijanunua tokeni ya stima. Likoni vyumba vya 2,500 vipo, ila zamu yetu inaanza saa moja asubuhi, na nauli ya kwenda na kurudi itakula theluthi ya kibarua.

Maswali yangu ni mawili. Je, nina haki ya kukataa? Na kama ninayo, naitumiaje dhidi ya mtu aliyenisitiri?

Karani wa Tononoka

Mama Karisa, pole. Nimekaa ofisi za mawakili miaka tisa, nakujibu lile la kwanza.

Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Inamlinda mpangaji wa nyumba ya kukaa ambayo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno, ndiyo maana mjini wengi wameshatoka nje ya sheria hiyo bila kujua, lakini wewe bado uko kwenye mstari wenyewe. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kukupandishia kwa tangazo la ukumbini, wala kukutoa bila idhini ya baraza la kodi za nyumba, lile linaloamua kesi za wapangaji, wala kukamata vitu vyako kwa deni bila idhini hiyo hiyo. Kumsumbua mpangaji kusudi ahame au alipe zaidi ni kosa. Kusogezewa kitanda ukiwa hupo, hilo mimi ningeliandika.

Usianze kulipa hiyo 4,000, hata mwezi mmoja "kwa kujaribu". Ukishaizoea, kesho itabishaniwa kama nyumba yako bado iko chini ya sheria hii. Lipa 2,500 yako kila mwezi kwa M-Pesa, na zile jumbe za 6,000 uzihifadhi, usizifute.

Ila nisikudanganye: kutolipa kodi ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mwenye nyumba apewe amri ya kukutoa. Zile 9,000 ndizo udhaifu wako. Nenda na mpango wa kulipa ulioandikwa, kabla hujapelekwa.

Upo pia mswada wa 2021 wa wenye nyumba na wapangaji, unaotaka kuunganisha sheria tatu kuwa moja. Sasa hivi, Novemba 2021, uko bungeni bado. Mtu asikutishe nao wala asikupe matumaini nao.

Mjukuu wa Majengo

Dada yangu, mimi niko upande wa pili wa ukumbi, nami nataka usikie.

Nyanya yangu ana nyumba kama hiyo Majengo. Ni nyumba bila ardhi, kama nyingi za pale. Kuta na mabati ni yake, kiwanja ni cha mtu, na kila mwezi kuna kodi ya ardhi ya kulipwa. Korona ilipokuja wapangaji wanne kati ya watano wakasimama kulipa. Wawili walihama usiku, asubuhi tukakuta mlango uko wazi na hata balbu imeenda. Mwenye kiwanja hakusema "hili halikukuta peke yako". Alituma mtu wake tarehe tano kama kawaida. Nyanya aliuza bangili mbili za dhahabu alizotunzwa siku ya harusi yake. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa sonara, na njia nzima ya kurudi alikuwa anashika kifundo cha mkono.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Bi Mkubwa aliangalia chini, mimi najua anaangalia nini. Nenda kwake, si kwa mwanawe. Kaa naye peke yake. Usianze na Sura ya 296, anza na zile 9,000.

Na huyo kijana aambiwe ukweli kuhusu wageni. Binamu yangu alifanya hivyo hivyo Mtwapa, akakopa, akaweka taili na viyoyozi. Desemba alijaza, Pasaka akajaza. Mei mvua ya masika ilipoanza, vyumba vililala vitupu na mkopo haukulala. Mpangaji wa 2,500 anayelipa mwezi kwa mwezi, miaka saba, si mtu wa kutupa.

Pipeline ghorofa ya nne

Mimi niko Nairobi na nina hasira, mniwie radhi. Kutoka hapa nilipo naona Mukuru kwa Njenga. Tangu mwezi uliopita watu wamebomolewa nyumba kupisha barabara, wanalala kwenye mahema ya karatasi juu ya vifusi vyao wenyewe, na watoto wanatoka hapo asubuhi wamevaa sare za shule. Kila mahali tunaambiwa uchumi umefunguliwa. Wa kwanza kuupata huo ufunguzi ni mwenye ardhi.

Mama, usigombane na huyo jirani wa mitungi. Yeye anaogopa 3,000 kama wewe unavyoogopa 4,000. Hapa kwetu tulipopandishiwa kodi Januari tulienda kwa keateka, msimamizi wa jumba, watu kumi na saba wa ghorofa mbili, waliolipa na wasiolipa pamoja, na ikarudishwa chini mpaka Juni. Mngeenda nyinyi wote.

Mama Karisa, Bamburi (28 Novemba 2021)

Narudi kuwaambia ilivyokuwa, na bado nina swali kwa Karani.

Nilimfuata Bi Mkubwa juzi Ijumaa, baada ya Isha, mwanawe akiwa hayupo. Nilikwenda na 2,000 mkononi na karatasi: 2,000 leo, kisha 1,000 kila mwezi juu ya kodi kwa miezi saba. Nikamwambia shikamoo, nikaiweka karatasi mkekani, nikanyamaza kwa sababu maneno yote niliyopanga yalinitoka.

Hakuisoma. Aliinuka, akafungua sanduku lake, akatoa daftari la duka, lile la mistari la kurasa thelathini na mbili. Mwenye duka wa kona alimpa alipojaza lingine. Humo mmeandikwa unga, sukari, mafuta ya robo, mshumaa, tambi, tarehe moja baada ya nyingine, Aprili 2020, Mei, Juni, Julai. Jumla chini 14,350, na iliyolipwa ni kidogo sana. Tambi. Niliangalia tarehe, ilikuwa Ramadhani. Ile sahani aliyoniletea aliikopa.

Sikujua. Miezi yote ile nilidhani ana akiba mahali. Nimekaa nyumba moja naye miaka saba na sikuwahi kumuuliza anakula nini tusipolipa.

Akaniambia mwanawe alirudi na deni lake pia, la kukopa kwa simu, na hesabu ya Desemba ndiyo pekee waliyoiona. Nikamwambia kuhusu Mtwapa na mvua ya Mei, akacheka kidogo, akasema yeye amezaliwa hapa na hiyo Mei anaijua.

Tumekubaliana hivi. Nabaki mpaka mtihani wa kijana upite. Kodi ni ile ile 2,500, na 1,000 ya deni. Mwanawe atatengeneza chumba cha kwanza tu mkono wa kulia, kwa sababu mpangaji wake alikuwa ameshaamua kurudi kwao Mariakani. Bi Mkubwa amepiga dole gumba kwenye karatasi, mimi nimetia sahihi, na ndugu yake wa Kisauni amekuwa shahidi. Mwanawe hajaisaini. Hanisalimii.

Jirani wa mkabala nilimwendea kama Pipeline alivyosema, kuhusu ile 3,000 yao, twende sote. Amesema atafikiri. Leo asubuhi mkokoteni ulipofika alichukua mitungi yake mitano na mimi mitano yangu. Yake ya mwisho alikuwa nayo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, nikamshikia mpaka mlangoni, akasema ahsante.

Karani, nisaidie hili: karatasi yenye dole gumba la Bi Mkubwa peke yake inamfunga mwanawe, kama nyumba ni ya mama na mama yu hai? Na ikibidi, naipeleka wapi ikagongwe muhuri bila kulipa pesa nyingi?